Kadi Imesema Mke Wangu Ametupa Mimba

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa na hasira na homa kwa pamoja, kwa hiyo mwandiko ukiyumba nivumilie, naomba unisaidie kabla sijachukua hatua ya mwisho, maana lililotokea nyumbani kwangu hata adui yangu simwombei. Mimi ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, nina miaka thelathini na tisa, mke wangu ni fundi cherehani, tuna binti mmoja wa miaka sita tunayemwita Kijiko kwa sababu tangu aanze kutembea hatoki jikoni bila kijiko mkononi, na nyuma ya nyumba nafuga ng'ombe watatu wa maziwa, si kwa kujisifu, nusu ya mtaa inakunywa chai kwa maziwa yangu na mwenye mgahawa wa pale kona hachukui kwa mtu mwingine.

Miaka mitano tumehangaika kutafuta mtoto wa pili, mwaka huu Mungu akatujalia, nikafurahi mpaka nikatengeneza kitanda kidogo cha chuma kwa mikono yangu mwenyewe na kukipaka rangi mbili, na mimba ilipofika mwezi wa tano, Jumatatu mke wangu akaamka na homa, Jumatano akalazwa, Alhamisi hakuna mtoto. Nikasema basi, ni mipango ya Mungu, haya mambo hutokea kwa watu, nikarudi kazini.

Sasa wiki mbili baadaye nikawa natafuta ufunguo wa geti kwenye mkoba wake, sikuwa nampekua, nasema kweli, nikakuta kadi ya kliniki imeandikwa kwa mkono wa tabibu, tena kwa herufi kubwa za kusomeka vizuri: ANA UGONJWA WA KUTUPA MIMBA. MUME NA WOTE WA NYUMBANI WAJE WAPIMWE. Nikasoma mara tatu nimesimama palepale. Kutupa! Haikuandikwa imeharibika, haikuandikwa imetoka, imeandikwa kutupa, na chini ya kadi kulikuwa na vidonge vya aina mbili, vingi, vya kutosha wiki sita, nikajua hivi ndivyo alivyotumia kumtupa mwanangu, na kumbe ameshakuwa mzoefu mpaka imekuwa ugonjwa. Vidonge nikavitupa chooni vyote ili asije akarudia.

Jumapili nikaita kikao. Alikuja mama yangu, alikuja kaka yangu mkubwa ambaye ni mwalimu wa lugha shule ya sekondari, na alikuja mjomba wa mke wangu kwa niaba ya upande wao. Nikasimama nikawasomea kadi, na mshauri, unajua mke wangu alifanya nini? Alicheka. Akasema, "Baba Kijiko, hilo ni jina la ugonjwa wa ng'ombe." Nikamuuliza, "Kwa hiyo siku hizi wewe ni ng'ombe?" Watu wote wakacheka, hata huyo mjomba wake, ndipo yeye akaacha kucheka.

Mama akasema, "Mwanangu, kikiharibika kimeharibika chenyewe. Kikitupwa, pana mkono hapo." Kaka akaongeza kwa utaalamu wake kwamba kutupa ni kitenzi kinachodai mtendaji, haiwezekani kitu kitupwe bila mtupaji, ingekuwa bahati mbaya tabibu angeandika imeanguka. Mke wangu akasema, "Someni na mstari wa pili basi." Nikamjibu mstari wa pili nimeuona, eti na mimi nikapimwe, nikapimwe nini, mimi ndiye niliyebeba mimba? Akaingia ndani, akatoka na mkasi wake na futi ya kushonea, akamwambia mjomba wake, "Twende." Sikumzuia. Kijiko amebaki kwangu, analelewa na mama.

Usidhani nategemea kadi peke yake, nina ushahidi mwingine. Ng'ombe wangu mkubwa, Malkia, alizaa ndama mfu kabla ya siku zake, na kondo la nyuma likakwama ndani, ikabidi nilitoe kwa mkono, na mikono yangu unavyojua kazi ya kuchomelea haikosi vidonda. Nikamwita mke wangu ashike ndoo na aoshe sakafu, akakataa, akasema yeye ni mjamzito na harufu ile haiwezi, nikamwambia acha kudeka, ng'ombe hajui mjamzito ni nani, akashika lakini kwa kununa. Mwezi mmoja na nusu baadaye wa pili naye akaangusha ndama, nikajua ni yale matope, sakafu inateleza, wanaanguka. Akaja daktari wa mifugo, msichana mdogo tu mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, anataka kuwatoa damu ng'ombe wangu wote, nikamwambia damu ya ng'ombe wangu si ya kuchezea, akanipa karatasi na kuondoka, na mke wangu badala ya kuwa upande wangu akasema, "Mwache apime, inakugharimu nini?" Tangu siku hiyo nikajua moyo wake hauko na nyumba hii. Mtu aliyechukia kumshikia ng'ombe ndoo ndiye atakayependa kubeba mtoto?

Na la mwisho naona haya hata kuliandika. Mimi mwenyewe siko sawa. Miezi miwili sasa nina homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, inaniachia siku mbili tatu, naamini nimepona, inarudi, jasho linanitoka mpaka godoro linalowa, mgongo unauma siwezi kunyanyua hata fremu ya dirisha, nimekunywa dawa za malaria mara tatu na za homa ya matumbo mara mbili, nakunywa na maziwa mabichi asubuhi, yakiwa bado na povu, na Kijiko nampa kikombe chake, kwa ajili ya nguvu kama baba yangu alivyokuwa akifanya, lakini wapi. Na sasa korodani moja imevimba, inauma. Mimi sina mwanamke wa nje, naapa, kwa hiyo ugonjwa huu wa aibu umetoka wapi kama si kwake? Hata mtoto amejifunza maigizo ya mama yake, wiki ya pili sasa anachechemea, anasema goti linamuuma, anataka abebwe, nimemwambia aache.

Mshauri, nimpe talaka, au nianze na polisi? Wazee wake wanataka jibu. Usinionee huruma, niambie ukweli tu.

Ni mimi, Fundi Niliyedhulumiwa.

JIBU LA MSHAURI

Fundi, umesema usionewe huruma. Vizuri, maana leo ninayo kidogo na nitaigawa kwa wengine kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakasirika zaidi, kisha nikachukua simu. Nilimpigia daktari wa mifugo mmoja ninayemfahamu, nikamsomea bila kutaja wewe ni nani wala unakaa wapi. Sikufika hata katikati. Alinikatiza nilipotaja ng'ombe wa pili, akasema, "Dada, huyo mtu anayachemsha maziwa?" Nilipomsomea habari ya povu la asubuhi akasema, "Mwambie aende hospitali leo, na mtoto aende naye."

Sasa sikiliza. Ugonjwa wa kutupa mimba ni jina. Ni jina kama surua ni jina na kifaduro ni jina. Wataalamu wanauita brusela, na wafugaji wakauita kutupa mimba kwa sababu ng'ombe, mbuzi au kondoo akiupata, kitu cha kwanza mwenyewe anachokiona ni ndama mfu sakafuni kabla ya siku zake. Unaletwa na bakteria, kidudu kisichoonekana kwa macho. Kinakaa kwenye kondo la nyuma, kwenye maji ya uzazi, kwenye ndama aliyekufa, na kinatoka na maziwa kila unapokamua, hata ng'ombe akionekana mzima na mwenye afya. Binadamu anakipata kwa kunywa maziwa hayo mabichi, au kwa kushika uchafu ule kwa mikono mitupu, hasa mikono yenye vidonda. Unakumbuka ni nani aliyeniandikia kuhusu mikono yenye vidonda?

Mke wako alikuambia maneno hayohayo kwa sentensi moja, mbele ya watu, na wewe ukamfanya kichekesho. Alikuwa ametoka kupoteza mtoto, na sebule nzima ikamcheka.

Kaka yako mwalimu ndiye aliyeniudhi kupita wote. Mtu amesoma, anaheshimika, anaona maandishi ya tabibu, na badala ya kwenda kliniki kuuliza anaanza kuchambua kitenzi. Mwambie hivi kutoka kwangu: Malkia naye alitupa mimba, na huyo wa pili akatupa, na kila mfugaji duniani husema hivyohivyo, ng'ombe katupa, mbuzi katupa. Mbona hamkumwitia Malkia kikao? Mbona hamkumtafutia mkono? Na mama naye, kwa heshima zote, amewahi kuwa mjamzito. Ilimpasa awe wa kwanza kumtetea binti wa watu.

Katika nyumba yako, fundi, aliyetupa kitu kwa mkono wake ni mmoja, na ni wewe. Umetupa dawa ya mgonjwa chooni. Baada ya yule wa mifugo nilimpigia na tabibu wa watu, ameniambia ugonjwa huu unatibiwa kwa dawa mbili zinazomezwa pamoja kwa wiki sita kwenda juu. Vidonge vya aina mbili, vya wiki sita: umeviona kwa macho yako, umevihesabu, ukavigeuza ushahidi wa mauaji. Vilikuwa ni vya kumponya. Mke wako sasa yuko kwao na ugonjwa mwilini, bila dawa, kwa sababu yako.

Nenda kwenye zile sehemu za barua ulizoziandika haraka haraka. Homa inayopanda na kushuka, jasho, mgongo, uchovu usioisha, korodani kuvimba: tabibu anasema hivyo vyote ugonjwa huu huvifanya kwa wanaume, na watu wengi huhangaika na dawa za malaria miezi mizima kama wewe. Mimi si daktari na sijakuona, kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Lakini ugonjwa huu kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu ni jambo la nadra sana. Hukuletewa na mke. Ulijinywesha mwenyewe kila asubuhi, ukampa na mtoto, na ukamshikisha mjamzito ndoo ya kondo kwa mikono mitupu huku akikuambia hawezi. Ulimwita mwenye kudeka. Alikuwa na akili kuliko nyumba nzima.

Kama mimba ilitoka kwa sababu hiyo au kwa nyingine, hilo aseme aliyempima. Najua inaweza kuwa hivyo, na najua sentensi hii itakuuma, kwa sababu ulimtengenezea mtoto wako kitanda. Hapo ndipo ninapokuonea huruma kweli. Wewe ni baba uliyepoteza mtoto, tena ni mgonjwa, na mgonjwa mwenye homa ya miezi haoni mambo sawasawa. Hukujua kuhusu kondo, hukujua kuhusu povu, baba yako alikunywa nawe ukanywa. Kutojua sikulaumu. Ninachokulaumu ni kwamba watu watatu walikuja kukujulisha, daktari wa ng'ombe mlangoni kwako, tabibu kwa herufi kubwa, na mke wako kwa mdomo wake, na wote watatu umewafukuza.

Umeuliza talaka au polisi. Acha upuuzi. Fanya hivi.

Mtoto kwanza. Binti wa miaka sita haigizi kuchechemea wiki mbili. Mbebe, mpeleke hospitali asubuhi hii, chukua na ile kadi, na ukifika usiseme "nina homa" peke yake kama ulivyozoea, maana ndiyo sababu ukapewa dawa za malaria mara tatu. Neno la kwanza mdomoni liwe: nafuga ng'ombe, wawili wametupa mimba, tunakunywa maziwa mabichi. Hapo watajua damu waipime nini. Mpimwe wewe, mtoto na mama yako. Mkipewa dawa, mzimeze mpaka kidonge cha mwisho. Wiki ya pili utajisikia nafuu na utataka kuacha kwa sababu wewe ni mtu wa haraka. Usiache, ugonjwa huu ukiachwa nusu unarudi. Na kama kuna dawa za sindano za ng'ombe zilizobaki kwenye rafu, nakuona ukiziangalia, hazikuhusu.

Maziwa yasitoke nyumbani kwako leo. Nenda mwenyewe kwa mwenye mgahawa na kwa majirani, uwaambie kwa mdomo wako kwamba ng'ombe wanashukiwa kuwa na ugonjwa, waliokunywa mabichi au mtindi wa maziwa mabichi na wana homa wakapime. Utaona aibu. Ona tu. Maziwa yaliyochemka vizuri hayana neno, lakini wewe hujui nani anachemsha na nani anagandisha, na hata wewe mwenye ng'ombe huchemshi.

Kisha mtafute yule msichana mwenye buti kubwa. Karatasi aliyokupa ina namba, kama nayo hukuitupa. Muombe radhi, awatoe damu ng'ombe wote watatu, na atakalosema kuhusu mwenye ugonjwa ulitii hata likiwa chungu. Usijaribu kumpeleka Malkia kwa jirani au mnadani kimyakimya, maana utakuwa umehamishia msiba kwenye nyumba yenye mjamzito mwingine. Na ng'ombe akizaa, akitupa, akifanya lolote la uzazi, vaa glavu, uchafu uchimbiwe shimo refu mbwa wasifikie, na mwanamke mwenye mimba akae mbali kabisa.

Halafu nenda kliniki, umwambie tabibu kwa mdomo wako umefanya nini na dawa zake, uombe mkeo apatiwe nyingine. Anza kumfanyia hilo, kabla ya maneno yoyote.

La mwisho ni gumu. Ulimsomea mstari mmoja mbele ya mama yako, kaka yako na mjomba wake. Wakusanye haohao, nyumbani kwao mke wako safari hii, na usome kadi yote, huo mstari wa pili na majibu ya damu yako mwenyewe. Kaka yako asaidie kusoma kama sauti itakukatika, kazi yake si ni lugha? Sikuahidi kwamba mke wako atarudi. Mimi ningekuwa yeye ningefikiri sana.

Lakini hata asiporudi, kuna kitu unadaiwa. Barua yako ina kurasa nne, nimeitafuta mpaka nyuma ya bahasha, na humo ndani hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia mwanamke huyo pole. Si wewe, si mama yako, si mjomba wake. Alipoteza mtoto Alhamisi, na mpaka leo hajapewa pole na nyumba yenu. Nenda ukampe, hata kama utaisemea nje ya mlango uliofungwa.